Atapona? Historia ya kubashiri kiharusi, ukiitazama kutoka Bweni

Mwaka 1913 Wajerumani waliuhamisha utawala wa Mafia kutoka Chole kwenda Kilindoni. Sababu ilikuwa ya kibaharia: meli zilitaka maji ya kina. Aliyeidhinisha uhamisho ule hakuwa akiwafikiria wagonjwa, na kama aliwafikiria, basi si wa Bweni. Chole na Kilindoni zote ziko kusini. Bweni iko ncha ya kaskazini, jirani na Ras Mkumbi, penye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani hao hao. Mnara ulikuwa wa kuwaonyesha njia wapitao baharini. Waliokuwa nchi kavu walibaki na miguu yao, na mashua zao zikiungoja upepo. Wilaya ilipokuja kupata hospitali, ilijengwa palipokuwa na utawala, na mpaka leo mgonjwa wa Bweni anakivuka karibu kisiwa kizima ili afike Kilindoni.

Nimeanza na utawala kwa sababu kila fomula ya kubashiri hatima ya mgonjwa wa kiharusi ina mahali ilipozaliwa, na nyingi zimezaliwa ndani ya wodi. Zinaanza kuhesabu mgonjwa anapoandikishwa mapokezi. Yaliyotangulia, yaani kilomita zinazokaribia 50 za barabara, kisha bahari ikiwa atapewa rufaa ya Dar es Salaam, hayana nafasi kwenye fomu. Lakini swali ambalo fomula hizo zinajaribu kulijibu ni la zamani kuliko hospitali yoyote, nalo huulizwa na ndugu kabla hata mgonjwa hajalazwa vizuri kitandani: atapona?

Kaskazini mwa Mafia swali hilo lilikuwa na wenyewe. Mwanaanthropolojia Mwingereza Patricia Caplan, aliyefika upande huo wa kisiwa mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi mara nyingi kwa miongo iliyofuata, ameandika kwa urefu juu ya waganga wa kitabu, waganga wa majini na ngoma zao. Katika utaratibu wa pwani, mtu akianguka ghafla, mdomo ukaenda upande na mkono ukafa, jambo la kwanza ni kujua ugonjwa umetoka wapi: ni wa Mungu, ni wa mtu, au amepita mahali penye wenyewe? Hutazamiwa kwa kitabu au hupigwa ramli, na jibu hilo ndilo hubeba ubashiri. Ukiwa wa jini, jini lina masharti, na masharti yakitimizwa kuna tumaini. Ukiwa wa Mungu, huombewa dua na kusubiriwa amri yake. Kwa hiyo chanzo kilitangulia, na hatima ikasomwa kutoka kwenye chanzo. Madaktari wa leo wanafanya vivyo hivyo wanapouliza kwanza kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, ingawa wao wanatafuta jibu kwenye picha.

Wala si mambo ya kale yaliyokwisha. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Hai, mashambani, watu wengi walikitaja kiharusi kuwa ni matokeo ya presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Dar es Salaam, mjini kwenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, walioshikilia majini na uchawi ndio walikuwa wengi. Aliyetarajia mji uwe mbele ya shamba katika jambo hili hakuijua pwani. Dar es Salaam ni mji wa pwani kabla ya kuwa mji wa serikali, na fikra za Mafia, Rufiji na Kilwa hazikuachwa gatini.

Huko Ulaya nako ubashiri ulitangulia elimu. Waandishi wa shule ya Hipokrati walishakata tamaa na mgonjwa wa pigo kali, na hata wa pigo jepesi hawakumpa matumaini mengi. Ilipita miaka elfu mbili ndipo Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, Uswisi, akaonyesha mwaka 1658, kwa kupasua maiti, kwamba damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo wa baadhi ya waliokufa hivyo. Tangu hapo suala likawa mishipa. Hata hivyo kulikuwa hakuna kipimo cha matokeo yenyewe, yaani cha kusema huyu amepona kiasi gani kuliko yule, mpaka mwaka 1957, John Rankin wa Glasgow alipowapanga wagonjwa wake katika madaraja matano, kuanzia asiye na ulemavu wa maana hadi asiyeweza kuinuka kitandani. Ngazi hiyo ilirekebishwa baadaye, ikaongezwa sifuri kwa asiye na dalili yoyote na sita kwa aliyefariki, na hadi leo majaribio mengi ya dawa za kiharusi duniani hupimwa kwayo.

Mimi sina ugomvi na ngazi ya Rankin, ila inapimwa kwa maisha ya mtu wa Glasgow. Mkwezi wa minazi aliyebaki na udhaifu kidogo wa mkono wa kushoto anaweza kupewa alama mbili, daraja la watu waliopona vizuri: anakula mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakwenda msikitini. Lakini mnazi hapandi tena. Hali kadhalika mwanamke aliyekuwa akisuka mikeka na sasa ana mkono mmoja tu wa kusukia. Katika majedwali huhesabiwa miongoni mwa mafanikio.

Afrika Mashariki tatizo lilikuwa la awali zaidi: ilisemekana kiharusi hakipo, au ni kichache mno. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha vipimo vya presha vya watu wapatao elfu moja wa Kavirondo Kusini, Kenya. Presha zao hazikupanda uzeeni kama za Wazungu, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakupata hata mmoja aliyeandikiwa ugonjwa wa presha. Vipimo vyake sina sababu ya kuvitilia shaka. Balaa lilikuwa katika matumizi yake, kwani kwa miongo iliyofuata viligeuka kuwa hukumu kwamba Mwafrika hana presha, na ugonjwa usiotarajiwa hautafutwi. Baadaye sana, Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia vijana Wajaluo waliohama kutoka magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Matokeo yao ya mwaka 1990 yalionyesha presha ikipanda ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini, chumvi ikiwa imeongezeka mwilini. Kilichowakinga watu wa Donnison kilikuwa namna yao ya kuishi, nayo ilikuwa inaondoka.

Hapa ndipo anapoingia Donald McLarty, Mskoti aliyefundisha tiba Muhimbili na ambaye jina lake wengi wanalihusisha na kisukari. Yeye na wenzake wa Wizara ya Afya na wa Newcastle, Uingereza, walikuwa na wazo ambalo ukilisikia leo unashangaa halikuja mapema: kama watu wengi wanafia nyumbani, basi hesabu ya vifo ifanywe nyumbani. Mradi wao ulichagua maeneo matatu, mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini, na kila kifo kilipotokea, mhojaji alikwenda kuhani na kuuliza. Alianguka ghafla? Upande mmoja ulikufa? Alipoteza kauli? Aliishi siku ngapi? Aliyekuwa akimuuguza marehemu alijibu, madaktari wakayasoma majibu na kutoa uamuzi. Haikuwa njia kamili, maana maelezo ya mfiwa hayawezi kutenganisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Lakini kwa mara ya kwanza aliyefia kwenye kitanda cha kamba alihesabiwa sawa na aliyefia wodini.

Matokeo ya miaka mitatu, 1992 hadi 1995, yalichapishwa mwaka 2000, mwandishi wa kwanza akiwa Richard Walker. Katika vifo 7,629 vya watu wazima, 421 vilitokana na kiharusi. Kwa walio kati ya miaka 15 na 64, Dar es Salaam ilipoteza wanaume 65 na wanawake 88 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri. Uingereza na Wales, mwaka 1993, hesabu hiyo ilikuwa karibu 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Hata Morogoro Vijijini, eneo maskini kuliko yote matatu, lilikuwa juu ya Uingereza mara tatu. Ugonjwa uliosemekana haupo ulikuwa ukiua watu wa makamo majumbani mwao bila kuandikwa popote. McLarty mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Mwaka huo huo wa 2000 ulitoka utafiti mwingine wa Ilala na Hai ambao kwangu ndio ubashiri wa kweli kuliko yote nitakayoyataja. Karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na presha ya juu. Waliojua kwamba wanayo hawakufika asilimia 20, waliokuwa wakitumia dawa ni kama asilimia 10, na ambao dawa ilikuwa imeishusha presha yao mpaka panapotakiwa walikuwa chini ya asilimia moja. Aliyeona takwimu hizo angeweza kuijua wodi ya Muhimbili ya miaka 20 mbele bila kupiga ramli.

Walker alirudi na swali la pili: ni wangapi hupata kiharusi, na huwa nini baadaye? Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, yeye, Ferdinand Mugusi wa Muhimbili, Mark Swai na Ahmed Jusabani wa hospitali ya KCMC na wengine waliwatafuta wagonjwa wapya Hai na Dar es Salaam. Ukisawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai karibu 109. Kisha wagonjwa 130 wa Hai walifuatiliwa. Ndani ya siku 28 walikuwa wamefariki 31, ndani ya miaka mitatu 78, na baada ya miaka saba hadi kumi 107.

Sasa linganisha na Muhimbili. Katika utafiti wa Sarah Matuja na wenzake uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 369 waliandikishwa, theluthi moja wakiwa na umri wa miaka 45 au chini. Ndani ya siku 30 karibu nusu ya hao vijana walikuwa wamefariki, na katika wazee zaidi ya asilimia 60. Kwa haraka utasema ni heri kuugulia Hai kuliko kulazwa hospitali ya taifa. Wako wanaosema hivyo mitaani, na ndugu anayesita kumpeleka mgonjwa wake huwa na hoja hii kinywani: “Waliopelekwa wote wamerudi maiti.” Lakini wanaofika Muhimbili ni waliochujwa. Mwenye mkono uliolegea tu hubaki nyumbani akakandwa. Anayefikishwa ni aliyepoteza fahamu, mara nyingi baada ya kuzungushwa kwingine kwanza. Anayekufa njiani haingii katika hesabu ya yeyote. Hospitali inabashiri juu ya waliofika kwake, na kijiji kinabashiri juu ya waliotoka kijijini. Kila upande una takwimu zake na hakuna anayedanganya.

Tofauti ya mshipa ulioziba na uliopasuka nayo ina historia yake. CT-Scan ya kwanza kwa mgonjwa ilipigwa Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, na tangu hapo wenye mashine waliweza kuona. Wasio nayo walitunga hesabu. Iliyopata umaarufu zaidi ilitoka hospitali ya Siriraj, Bangkok, mwaka 1991: unachukua hali ya fahamu, kutapika, kichwa kuuma, presha ya chini na dalili za mishipa iliyochakaa kama kisukari, unazidisha, unajumlisha na kutoa. Ikizidi moja, damu imevuja. Ikishuka chini ya moja hasi, mshipa umeziba. Katikati hapo, hujui.

Hesabu hiyo ilipojaribiwa Afrika mbele ya picha za CT-Scan, ilikosea mara nyingi kiasi kwamba haikufaa kutegemewa. Naona sababu mojawapo inaonekana kwenye karatasi yenyewe. Chukua mgonjwa mwenye usingizi mzito lakini asiyetapika wala kulalamika kichwa, presha yake ya chini 110. Fahamu inampa 2.5, presha inampa 11, unatoa 12: inabaki 1.5, kwa hiyo damu imevuja, na aspirini hapewi. Lakini kama ana kisukari, unatoa tatu zaidi, unapata 1.5 hasi: mshipa umeziba. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni kama kuna mahali aliwahi kupimwa sukari. Sehemu ambayo watu hawapimwi, “hapana” kwenye fomu maana yake ni “hatujaangalia”, na fomula haina njia ya kujua hilo.

Ugonjwa huu umezipata hata fomula za kisasa. Ile iitwayo iScore, iliyotoka Kanada mwaka 2011 mahususi kwa waliolazwa na kiharusi cha mshipa kuziba, inauliza umri, ukali, sukari ya siku ya kulazwa, kisha inauliza juu ya moyo unaopiga bila mpango, moyo kushindwa kazi, saratani, kusafishwa figo. Mzee ambaye hajawahi kupigwa kipimo cha moyo hupata sifuri nyingi na kutoka na ubashiri mwema.

Na ukali wenyewe unapimwaje? Kwa kipimo cha Kimarekani cha NIHSS, kilichochapishwa mwaka 1989, chenye alama kutoka sifuri hadi 42. Kinamtaka mgonjwa ataje mwezi na umri wake, na maelekezo yake hayana huruma: aliyekaribia hajapata. Sasa muulize bibi wa Bweni huu ni mwezi gani. Akikujibu Mfungo Tatu, na ni Mfungo Tatu kweli, amekujibu sahihi kuliko wewe unayetazama simu. Umri atakutajia kwa tukio: alikuwa anaota meno mwaka wa njaa fulani. Baadaye ataonyeshwa picha za kutaja majina, mojawapo ikiwa ya glavu. Muuguzi mwenye busara huyajua haya na huyazunguka. Lakini alama zikishaingia kwenye kompyuta, busara yake haionekani.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilithibitishwa Marekani mwaka 1995 kwa watakaoipata ndani ya saa tatu, na mwaka 2008 Wazungu wakaonyesha inafaa hadi saa nne na nusu. Sharti lake ni CT-Scan kwanza. Kutoka Bweni, saa hizo zinaliwa na barabara, na kutafuta gari, na kikao cha ukoo cha kuamua nani ataongozana na mgonjwa na fedha zinatoka kwa nani. Kisha kivuko kinachokwenda Nyamisati kina ratiba yake, na ndege ndogo za Kilindoni zina nauli yake. Dawa hiyo nimeitaja kwa sababu ni sehemu ya historia, na watu wa huku wasidhani wamefichwa kitu.

Yanayobaki ni mambo ambayo muuguzi wa zahanati, au binti wa mgonjwa, anaweza kuyaona kwa macho. La kwanza ni fahamu: aliyefika akiwa macho ana nafasi kubwa kuliko asiyeitika, na hakuna fomula inayopinga hilo. Linalofuata, kwa maoni yangu linalopuuzwa kuliko yote, ni kumeza. Mgonjwa aliyelazwa chali akinyweshwa uji, maji ya kombe au dawa ya mizizi huku koo halifanyi kazi, kile kinywaji kinaingia mapafuni. Siku ya nne homa inapanda, anapumua kwa shida, na inasemwa ugonjwa umegeuka. Nimonia ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa waliolazwa na kiharusi, na nyingi kati ya hizo huanzia kwenye kijiko. Alishwe ameketi, aanze na maji kidogo, na akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, aachwe kulishwa mdomoni mpaka apatikane mtu wa kumwekea mrija wa puani. Kombe halikatazwi, linaweza kupakwa.

Kisha kuna mkono. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi, mwandishi wa kwanza akiwa Rinske Nijland, walitoa matokeo ya wagonjwa wa kiharusi cha mshipa kuziba waliopimwa mambo mawili tu ndani ya saa 72 za kwanza: je, anaweza kuvinyoosha vidole hata kidogo, na kuuinua mkono kwa ubavuni kutoka begani? Aliyeweza yote mawili alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa na kazi fulani ya mkono baada ya miezi sita. Kipimo hicho hakitaki umeme, kusoma, wala kujua mwezi, na kinafanyika kwenye mkeka. Wengi hukinukuu kwa hao wa asilimia 98. Mimi nakipendea wale wengine, walioshindwa yote mawili siku ya tatu, mkono ukiwa umelala kama si wao: asilimia 25 kati yao walipata kuutumia kwa kiasi. Ni mmoja katika wanne, na huyo siku ya tatu hatofautiki na wenzake watatu. Kwa hiyo binti anayeuliza kama aendelee kumnyoosha mama yake vidole asubuhi na jioni, aambiwe aendelee, na aambiwe hesabu yenyewe ilivyo.